SIR ALMROTH WRIGHT NA UGONJWA WA KICHOMI

Kila mwaka, mwezi wa Juni na Julai, upepo wa baridi huvuma juu ya nyanda za Dowa, na hapa Dzaleka hapana nyumba isiyosikika kikohozi usiku. Wengi hupona. Lakini wako ambao kikohozi chao hugeuka homa kali, pumzi huwa za haraka, na kifua huuma kama kilichodungwa mkuki. Ndiyo maana wazee waliuita ugonjwa huo kichomi. Siku hizi madaktari huuita nimonia.

Mgonjwa aliyezidiwa huondolewa kwenye zahanati ya kambi akapelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, na ikiwa hali bado ni mbaya hupelekwa mpaka Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Huko hulazwa. Ikiwa ni mtoto mwenye nimonia kali, mara nyingi hupigwa sindano za dawa mbili kwa pamoja, naye hupewa hewa ya oksijeni kama pumzi zimepungua. Akipona, jamaa humshukuru Mungu na kuwashukuru wauguzi, na hapana auliziaye jambo jingine.

Lakini mwanafunzi yafaa aulize. Ni nani aliyejua kwamba dawa mbili pamoja zinashinda moja? Na katika mambo yote aliyofanyiwa mgonjwa, yaani sindano, hewa, chakula, blanketi na kitanda kikavu, ni lipi lililomwokoa? Swali hili ni gumu kuliko lionekanavyo. Mtu mmoja mwenye akili nyingi sana alikutana nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita, nalo likamshinda. Na watu waliokuwa mbele yake siku ile walikuwa vijana wa nchi hii. Mtu huyo ni Sir Almroth Wright, na haya ndiyo maisha yake.

KUZALIWA NA MASOMO

Almroth Edward Wright alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1861, katika kijiji cha Middleton Tyas, Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji, mtu wa Ayalandi, na bingwa wa Kiebrania. Mama yake alikuwa Mswidi, na jina la ukoo wake, Almroth, ndilo alilopewa mtoto. Kwa sababu ya kazi ya baba, watoto walihamahama: mara Dresden katika Ujerumani, mara Boulogne katika Ufaransa, kisha Belfast. Kijana akakua akisikia lugha nyingi, na kupenda lugha kukamkaa maisha yake yote.

Katika Chuo cha Trinity mjini Dublin alisoma mambo mawili ambayo watu wengi hawayachanganyi. Mwaka 1882 alishinda katika lugha na fasihi za Ulaya, na mwaka uliofuata akapata shahada ya udaktari. Hata hivyo hakuwa na haraka ya kutibu watu. Alisoma sheria, akafanya kazi ya ukarani serikalini, akaenda Ujerumani kujifunza kwa mabingwa wa maabara, kisha akafundisha Sydney, Australia. Mwaka 1892 alipata kazi iliyomfanya ajulikane: aliwekwa kuwa profesa katika shule ya madaktari wa jeshi la Uingereza iliyokuwa Netley.

CHANJO YA HOMA YA MATUMBO

Zamani zile jeshi halikuogopa risasi tu, bali liliogopa zaidi homa ya matumbo. Wright akafikiri hivi: kama vijidudu vya ugonjwa vikiuawa kwa moto, kisha mtu akadungwa vile vilivyokufa, huenda mwili wake utajifunza kupigana navyo bila ya kuugua. Katika miaka ya 1896 na 1897 alijaribu jambo hilo kwa watu, naye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliochanjwa.

Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, aliomba askari wote wachanjwe. Jeshi lilikubali kwa wale waliojitolea tu, nao walikuwa kiasi cha 14,000 katika jeshi la watu zaidi ya 300,000. Homa ya matumbo ikaua askari zaidi ya 8,000 katika vita ile.

Hapo ndipo penye chanzo cha habari yetu. Wright alikusanya hesabu za waliochanjwa na wasiochanjwa, akasema zinaonyesha wazi kwamba chanjo yake inafaa. Mwaka 1904 bingwa wa hesabu wa London, Karl Pearson, alizichungua hesabu hizo akasema hazitoshi. Waliojitolea kuchanjwa huenda walikuwa watu waangalifu kuliko wenzao, wanaochemsha maji na kunawa mikono. Basi yawezekana uangalifu wao ndio uliowaokoa. Pearson akatoa shauri jepesi: waandikwe wote wanaotaka chanjo, kisha achanjwe mmoja na kuachwa mmoja, mpaka mwisho wa orodha. Hapo makundi mawili yatakuwa sawa, na tofauti itakayoonekana itakuwa ya chanjo.

Wright alikasirika sana. Aliona kwamba mtu wa hesabu asiyejua maabara hana haki ya kumhukumu daktari. Wakajibizana katika gazeti la madaktari mbele ya watu wote. Baadaye jeshi lilifanya majaribio mengine chini ya daktari William Leishman, na ikaonekana kwamba chanjo ya Wright ilikuwa njema kweli. Kwa hiyo katika chanjo ile Wright alikuwa na haki. Lakini ushindi ule ulimdhuru, maana ulimfanya adhani kwamba hesabu za namna ile hazina maana sana.

HOSPITALI YA ST MARY'S

Mwaka 1902 aliliacha jeshi akaenda Hospitali ya St Mary's, London. Huko alijenga idara yake ya chanjo, akakusanya vijana hodari wa kufanya kazi pamoja naye. Walikesha wakitazama damu kwa darubini, wakinywa chai usiku wa manane na kubishana juu ya kila kitu. Mwaka 1906 kijana mmoja Mskoti aliingia humo, jina lake Alexander Fleming. Wasomaji watamkuta tena huko mbele.

Pamoja na mwenzake Stewart Douglas, Wright alionyesha kwamba katika damu kuna kitu kinachovitia vijidudu kama kiungo, hata chembe nyeupe za damu zikavila kwa urahisi. Akaamini kwamba daktari wa siku zijazo atakuwa mchanjaji tu: atapima damu ya mgonjwa na kumdunga chanjo inayofaa, hata kama ugonjwa umekwisha kumwingia. Mwaka 1906 alipewa cheo cha Sir. Mwaka huo huo rafiki yake Bernard Shaw, mtunzi wa michezo, alitunga mchezo wa kuigiza juu ya daktari anayefanana naye kabisa.

MIGODI YA DHAHABU

Sasa turudi upande wetu wa dunia. Tangu mwaka 1903 mawakala wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg walikuwa wakiandikisha vijana katika Nyasaland, jina la zamani la Malawi. Wengine walikwenda kwa miguu bila ya wakala, wakitafuta fedha ya kodi ya kibanda na nguo. Watu walisema fulani amekwenda Joni. Wengi walirudi na mablanketi na baisikeli. Wengi hawakurudi.

Kilichowaua sana kilikuwa kichomi. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa au bonde la joto alifika Johannesburg, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700, penye baridi kali. Alilala katika nyumba za kambi, watu wengi katika chumba kimoja, mmoja akikohoa wote wakivuta hewa yake. Alishuka chini ya ardhi penye joto, akatoka jasho, kisha akapanda juu katika upepo. Waliougua zaidi walikuwa wageni katika miezi yao ya kwanza, hasa waliotoka Nyasaland na kaskazini ya Msumbiji. Vifo vikawa vingi hata serikali ya Afrika Kusini ikatishia kuwazuia watu wa nchi za joto wasiandikwe tena.

Wenye migodi wakaogopa kukosa wafanyakazi. Mwaka 1911 walimwita Sir Almroth Wright.

Alikuja na wasaidizi wake, akatengeneza chanjo kwa vijidudu vya nimonia vilivyouawa. Katika muda wa majaribio yale walichanjwa watu zaidi ya 50,000. Hayo yalikuwa makubwa kuliko majaribio yote ya chanjo ya nimonia yaliyopata kufanywa mpaka siku zile. Tena hakuishia kwenye chanjo. Mwaka ule ule wataalamu wa Ujerumani walikuwa wameonyesha kwamba dawa iitwayo optokini, ndugu wa kwinini, huwaponya panya waliotiwa vijidudu vya nimonia. Wright akaijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa wa nimonia. Basi alishika silaha mbili, chanjo kwa wazima na dawa kwa walioanguka. Na katika siku zile hapana mtu mwingine aliyekuwa na matumaini makubwa kama yake.

Optokini haikufaa. Kipimo kinachotosha kuua vijidudu kilikuwa karibu mno na kipimo kinachomdhuru mgonjwa, na ubaya wake mkubwa ulikuwa katika macho: baadhi ya walioinywa walipungukiwa na kuona, na wengine walipofuka. Dawa hiyo ikaachwa. Leo imebaki katika maabara tu. Mtaalamu huweka kidonge chake kidogo juu ya vijidudu ili avitambue: vikifa vikizunguka kidonge, ni vile vya nimonia.

Na chanjo je? Wright alisema ilipunguza ugonjwa na vifo. Lakini G. D. Maynard, mtu wa hesabu katika chuo cha uchunguzi wa magonjwa kilichoanzishwa Johannesburg mwaka 1912, alipozipitia hesabu hizo aliona faida ndogo sana. Makundi hayakuwa sawa kila mahali. Tunajua kwamba mgeni huugua zaidi kuliko mwenyeji; basi ukimlinganisha mgeni na mtu aliyekwisha kukaa miezi, humpimi chanjo, unapima miezi. Lilikuwa kosa lile lile alilolisema Pearson mwaka 1904.

Tena mambo mengi yalifanywa kwa pamoja. Mwaka 1913 serikali ilitimiza tishio lake, ikakataza kuandikwa watu wote wa kaskazini ya mstari wa 22 wa kusini. Mwaka huo huo alikaribishwa Johannesburg daktari Mmarekani William Gorgas, aliyesafisha Panama wakati wa kuchimba mfereji. Yeye alishauri watu wasisongamane, kwa kuwa huko Panama nimonia ilipungua wafanyakazi walipotawanywa katika nyumba zao wenyewe. Baadaye vifo vya migodini vilipopungua, nani angeweza kusema ni chanjo, au ni nyumba, au ni kule kuwazuia watu wa Nyasaland wasije? Kila mmoja alidai sifa, na hapana aliyeweza kuthibitisha.

Watu waliokufa katika kujaribu huko walikuwa babu wa wenyeji wetu hapa Malawi. Hawakuwa na sauti katika jambo lile. Walichanjwa kwa sababu kampuni zilitaka, na makaburi yao yako mbali na kwao. Kama hesabu zingalifanywa vizuri, vifo vyao vingaliacha elimu iliyo wazi kwa waliofuata. Badala yake viliacha mabishano.

WALIOFUATA NYAYO ZAKE

Hata hivyo kazi haikupotea yote. Katika chuo kile cha Johannesburg, Spencer Lister alionyesha kwamba vijidudu vya nimonia si vya namna moja bali ni vya kabila nyingi, na chanjo ya kabila moja haikingi nyingine. Hilo Wright hakulijua alipoanza. Lister akatengeneza chanjo yenye kabila kadhaa kwa pamoja. Katika miaka ya 1930 katazo la mwaka 1913 lilianza kulegezwa, na vijana wa Nyasaland wakaandikwa tena.

Wright mwenyewe alirudi Uingereza. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Boulogne kuchungua vidonda vya askari, na safari hii karibu jeshi lote la Uingereza lilichanjwa homa ya matumbo. Ugonjwa ule uliotisha katika vita vya Makaburu ukaua wachache tu. Hiyo ni sifa yake kubwa, wala haifutiki. Haifai vile vile kuficha makosa yake. Mwaka 1913 aliandika kitabu kizima cha kupinga wanawake wasipewe kura, na wengi walimcheka kwacho. Mpaka uzeeni aliendelea kuandika kwamba jicho la mchunguzi hodari ni bora kuliko wingi wa hesabu.

Mwaka 1928, katika idara yake, yule kijana Fleming aliona ukungu ulioua vijidudu katika kisahani, akauita penisilini. Bwana mkubwa hakuwa na imani na dawa za namna hiyo, kwani aliamini chanjo. Lakini mwaka 1942 sifa za penisilini zilipoenea, ni Wright aliyeliandikia gazeti la The Times kuwakumbusha watu kwamba aliyeigundua ni Fleming. Alistaafu mwaka 1946, akafariki tarehe 30 Aprili, 1947, akiwa na miaka 85.

KUPIMA KWA HAKI

Jambo alilolikataa Wright ndilo lililokuja kushinda. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Birmingham, Evans na Gaisford, walijaribu dawa mpya iitwayo M&B 693. Walichukua wagonjwa 200 wa nimonia, 100 wakapewa dawa na 100 wakatibiwa kwa desturi ya zamani. Waliopewa dawa walikufa 8. Wengine walikufa 27. Hesabu ile mtoto wa shule aweza kuisoma. Huko Boston, Marekani, Maxwell Finland alijaribu kuichanganya dawa ya namna hiyo na seramu, yaani maji ya damu yenye kinga, ili ajue kama viwili vinashinda kimoja. Penisilini ilipopatikana kwa wingi, seramu ikaachwa.

Na migodi ile ile ilionekana tena. Katika miaka ya 1970 daktari Mmarekani Robert Austrian alijaribu chanjo ya kabila nyingi kwa vijana wapya wa machimbo ya Johannesburg, baadhi yao wakitoka Malawi. Safari hii watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Nimonia ya kabila zilizokuwamo katika chanjo ilipungua karibu sehemu nne kwa tano. Mabishano ya miaka 60 yakaisha. Mwaka 2011 Malawi ilianza kuwachanja watoto wote kwa chanjo yenye kabila 13, na watoto wa Dzaleka wakiwamo.

Lilongwe nayo imeingia katika habari hii. Kati ya mwaka 2016 na 2019, watoto 3,000 wenye nimonia ya kubonyea kifua walipimwa katika Hospitali Kuu ya Kamuzu na ile ya Bwaila, ili ijulikane kama amoksilini ya siku 3 inatosha au lazima iwe siku 5. Wazazi walielezwa kwanza, na mtoto hakuingizwa ila kwa ridhaa. Matokeo yalikuwa karibu sawa: katika kila watoto 100, kiasi cha 6 hawakufanikiwa kwa siku 3, na kiasi cha 5 kwa siku 5. Na katika Kenya, hospitali 18 ziliwapima watu wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia. Nusu walipewa dawa za kawaida peke yake, nusu waliongezewa dawa ya steroidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2025. Baada ya siku 30 walikuwa wamekufa 26 katika kila 100 wa dawa za kawaida, na karibu 23 katika kila 100 wa dawa za kuchanganywa. Tofauti ni watu watatu katika mia. Hapana daktari, hata awe na jicho kali namna gani, awezaye kuiona tofauti hiyo kwa kuzunguka wodini. Huonekana kwa hesabu ya haki tu.

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza shule hii, katika ninyi wako watakaokuwa wauguzi na madaktari, hapa au huko kwetu Mungu akitujalia kurudi. Mkumbukeni Sir Almroth Wright kwa mambo mawili. Aliokoa maelfu ya watu kwa kuamini wazo lake wakati wakubwa walipolikataa. Na aliwapotezea wengine faida kwa kuamini wazo lake bila ya kukubali lipimwe. Ujasiri wa kwanza ni mzuri. Lakini mtu akileta dawa mbele yenu, iwe moja au iwe mbili pamoja, mwulizeni ameilinganisha na nini, na je, wagonjwa waliolinganishwa walikuwa sawa? Akikasirika kwa kuulizwa, mwulizeni tena.